Gari la umeme la majaribio nchini Marekani: jinsi ya kuomba msamaha wa viwango vya usalama

Niliwahi kuona gari dogo la umeme, kazi ya miaka mitatu ya vijana watano, likikaa bandarini karibu miezi miwili kwa sababu ya alama moja ya tiki. Aliyejaza fomu alitia tiki kwenye kisanduku cha magari yasiyo ya barabarani, huku barua ya mwaliko iliyoambatanishwa ikisema wazi kwamba gari litaendeshwa mtaani mbele ya wageni. Karatasi moja inakanusha nyingine. Afisa wa forodha alilizuia, na kwa kweli hakuwa na njia nyingine. Niliitwa kusaidia kulikwamua, na tangu siku hiyo naulizwa swali lilelile na Waswahili walioko huku na mafundi walioko nyumbani: gari ambalo halijakidhi viwango vya usalama linawezaje kuingia barabarani Marekani kihalali?

Linaweza, na njia zipo zaidi ya moja. Ila kabla ya kushika kalamu, shika jambo hili. Unasamehewa sharti fulani lililoandikwa, lenye namba yake. Deni la kumlinda aliyepanda gari na anayepita kando yake linabaki palepale, na serikali itataka ulilipe kwa ushahidi. Maombi mengi niliyoyaona yakikwama yaliandikwa na watu waliolisahau deni hilo. Waliandika kurasa ishirini kueleza kwa nini sharti linawasumbua, wakaandika aya moja kuhusu nani ataumia gari likigonga.

Kwanza ujue unaomba kusamehewa nini

Ulaya gari hupelekwa kwa mamlaka, likapimwa na kupewa kibali kabla ya kuuzwa. Marekani si hivyo. Tangu sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe: hubandika kibandiko, kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachotamka kwamba gari limekidhi viwango vyote vya shirikisho vilivyokuwa vikitumika siku lilipotengenezwa. NHTSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa magari, inaweza baadaye kulinunua gari hilo sokoni na kulipima. Likishindwa, aliyebandika ndiye atakayejibu. Kwa hiyo shida ya gari la majaribio si kukosa muhuri wa serikali. Shida ni kwamba huwezi kukibandika kile kibandiko bila kusema uongo.

Viwango vyenyewe huitwa kwa kifupi FMVSS, na kila kimoja kina namba. Namba 108 ni taa. Namba 111 ni vioo vya kutazamia nyuma pamoja na kamera ya kurudi nyuma. Namba 205 ni vioo vya mbele na vya madirisha. Namba 208 ni ulinzi wa waliomo ndani gari linapogonga, yaani mikanda, mifuko ya hewa na kadhalika. Kwa gari la umeme kuna viwili ambavyo fundi anapaswa kuvijua kwa moyo.

Cha kwanza ni 305. Hiki kinahusu umeme mkubwa: zaidi ya volti 60 za mkondo mnyoofu (DC), au zaidi ya volti 30 za mkondo geu (AC). Baada ya jaribio la kugongesha, maji ya betri yaliyomwagika yasizidi lita 5, na betri isiingie ndani ya chumba cha abiria. Pia bodi ya gari isigeuke mtego wa shoti kwa mwokoaji anayeishika. Njia mojawapo ya kuthibitisha hilo ni kupima ukinzani kati ya mfumo wa umeme mkubwa na chesisi: angalau ohm 100 kwa kila volti upande wa mkondo mnyoofu, na 500 kwa kila volti upande wa mkondo geu. Ukiwa na betri ya volti 400, upande wa betri pekee unahitaji ohm 40,000. Kipimo hicho unaweza kukichukua leo hii kwenye gereji yako, kabla hata hujafikiria kugongesha gari.

Cha pili ni 141, kinachotaka gari la umeme litoe sauti linapotembea chini ya kilomita 30 kwa saa. Binafsi sijawahi kumsaidia mtu kuomba msamaha wa kiwango hiki, wala sitamsaidia. Spika ya nje ni bei ndogo sana ukiilinganisha na betri, na anayeitegemea ni mtu asiyeona anayevuka barabara kwa masikio yake.

Hatua ya 1: tazama kama msamaha unahitajika kweli

Hapa ndipo watu wanapoweza kuokoa miaka miwili ya maisha yao. Vyombo vingi vya umeme vinavyoitwa "vya majaribio" vina daraja lake tayari katika sheria, na daraja hilo huenda likawa na masharti machache kuliko unavyodhani.

Kama chombo chako ni baiskeli yenye pedali zinazofanya kazi, mota yake iko chini ya wati 750, na kwa nguvu ya mota peke yake hakifiki maili 20 kwa saa, basi tangu mwaka 2002 sheria ya shirikisho inakihesabu kuwa bidhaa ya kawaida ya mlaji. Si gari. NHTSA haihusiki nacho.

Kama kina magurudumu matatu, kwa sheria ya Marekani ni pikipiki. Ndiyo, bajaji ni pikipiki. Hii ina maana kubwa, kwa sababu pikipiki haidaiwi mifuko ya hewa wala uimara wa paa. Inadaiwa taa, breki, vioo, matairi na vitu vya namna hiyo. Arcimoto ya Oregon na Aptera ya California zilijenga vyombo vya magurudumu matatu, vikaangukia daraja hilo. Nawashauri vijana wengi waanzie hapa. Lakini nawaomba pia wasifiche jambo hili kwa mnunuzi: chombo chenye paa na milango humfanya mtu adhani amekaa ndani ya gari dogo, wakati kisheria yuko juu ya pikipiki. Na leseni ya udereva inayotakiwa hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Kama kina magurudumu manne, mwendo wake wa juu unazidi maili 20 lakini hauvuki 25 kwa saa, na uzito wake pamoja na mzigo hauzidi takriban kilo 1,360, kinaingia daraja la magari ya mwendo mdogo. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1998 na lina kiwango chake, namba 500. Orodha yake ni fupi: taa za mbele, indiketa, taa za nyuma na za breki, viakisi mwanga, vioo vya kutazamia nyuma, breki ya kuegesha, kioo cha mbele, mikanda, namba ya chesisi, kamera ya kurudi nyuma na ile sauti niliyoisema. Hakuna jaribio la kugongesha. Gari la kuzungukia chuo, hospitali kubwa au mtaa wa wazee linatosha kabisa humu, bila kumwomba mtu msamaha.

Halafu kuna wale wanaotoa injini ya petroli kwenye gari kuukuu na kuweka mota. Sheria ya shirikisho inamkataza mtengenezaji, muuzaji na gereji ya biashara kulemaza kifaa cha usalama kilichowekwa ili kukidhi kiwango. Kifungu hicho hakimgusi mwenye gari anayelifanyia kazi gari lake mwenyewe nyumbani. Bado ukaguzi wa jimbo lake unamsubiri, na bima vilevile. Ukianza kulipwa kwa kazi hiyo mambo yanabadilika: ukikata mhimili wa mbele ili betri ipate nafasi, au ukaacha kihisio cha mifuko ya hewa kikining'inia, umevunja sheria hata kama mteja ametia saini kukubali.

Ukishapita milango yote hiyo na gari lako bado liko nje, magurudumu manne, mwendo wa barabara kuu, basi endelea kusoma.

Hatua ya 2: chagua mlango mmoja

Swali la kujiuliza ni moja: gari hili litauzwa, au halitauzwa?

Kama halitauzwa, na unalileta kutoka nje kwa utafiti, maonyesho, mafunzo au mashindano, mlango wako ni Sehemu ya 591 ya kanuni za NHTSA, inayohusu uingizaji. Nitaifafanua katika hatua inayofuata.

Kama halitauzwa na limetengenezwa Marekani kwa ajili ya kupimwa tu, kuna ruhusa iliyoingizwa katika sheria mwezi Desemba 2015. Mtengenezaji anaweza kuendesha barabarani gari lisilokidhi viwango kwa majaribio na tathmini, bila kuomba msamaha, mradi akubali kutoliuza majaribio yakiisha. Lakini ruhusa hii ni ya kampuni zilizokuwa tayari zimetengeneza na kusambaza magari yaliyothibitishwa kabla ya sheria kupita. Kampuni iliyozaliwa jana haimo. Naona ni udhaifu wa sheria, maana anayehitaji zaidi kujaribu ndiye aliyeachwa nje, ila ndivyo ilivyo na huwezi kupanga kazi yako kana kwamba sivyo.

Kwa magari yasiyo na dereva, NHTSA ina mpango wa misamaha ya maonyesho na utafiti uliokuwa wa magari yaliyoingizwa kutoka nje pekee. Mwezi Aprili 2025 iliufungua pia kwa magari yaliyojengwa Marekani, na Agosti mwaka huohuo Zoox, kampuni ya teksi zinazojiendesha, ikawa ya kwanza kupata msamaha huo kwa gari lake lisilo na usukani wala pedali. Katika makubaliano hayo Zoox ilitakiwa kuondoa au kufunika maandishi yaliyosema gari lake limekidhi viwango. Kumbuka nilichosema juu ya kibandiko.

Kama gari litauzwa, kukodishwa au kufanya biashara, mlango ni Sehemu ya 555: msamaha wa muda. Huu ndio mrefu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni wake.

Hatua ya 3: gari linaloingizwa kwa maonyesho au utafiti

Hatua hii ni ya timu za vyuo na karakana zilizoko Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kigali. Tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipolitoa gari la Kiira EV mwaka 2011, vijana wa kwetu wanaojenga magari ya umeme wameongezeka, na mialiko ya maonyesho ya ng'ambo haiwi tena ndoto.

Andika kwanza barua kwa NHTSA kuomba kibali cha maandishi, kabla gari halijapakiwa melini. Taja jina na anwani yako, aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, namba yake ya chesisi, na sababu hasa ya kulileta. Sema litakaa muda gani. Sema kama litaendeshwa barabara za umma, na kama ndiyo, eleza kwa nini maonyesho au utafiti hauwezi kufanyika bila hivyo. Hakuna ruhusa ya kulisajili kwa barabara za umma isipokuwa matumizi hayo ni sehemu ya lazima ya lengo lenyewe. Mwisho sema litakwenda wapi likimaliza kazi: litarudishwa lilikotoka au litaharibiwa. Kuliuza Marekani si mojawapo ya majibu.

Kibali kikitoka, wakala wa forodha atajaza fomu HS-7. Kisanduku chako ni namba 7, na barua ya NHTSA inaambatanishwa. Kisanduku namba 8 ni cha vyombo visivyokusudiwa barabara. Hapo ndipo tiki ya wale vijana watano ilipopotelea. Soma fomu mwenyewe, usimwachie wakala peke yake. Wakala anajua makontena. Gari lako unalijua wewe.

Kuna pia fomu 3520-1 ya EPA, wakala wa mazingira. Watu hudhani gari la umeme halina moshi hivyo EPA haliwahusu. Linawahusu, nao wana utaratibu wao wa magari ya majaribio na maonyesho. Waandikie sambamba na NHTSA, sio baadaye.

Na betri. Usafirishaji wa betri za lithiamu unadai ripoti ya majaribio ya UN 38.3, yaani majaribio ya betri yaliyowekwa na Umoja wa Mataifa: joto, mtetemo, mshtuko, shoti na mengineyo. Betri za majaribio zilizotengenezwa chache zina kanuni zake maalumu za meli na ndege, na kwa ndege ni ngumu zaidi. Uliza kampuni ya meli miezi kadhaa kabla. Nimeona gari likiwa na vibali vyote viwili mkononi, lakini betri yake ikabaki ghalani nyumbani kwa kukosa ripoti hii.

Hatua ya 4: Sehemu ya 555, chagua msingi wa ombi

Sheria inatoa misingi minne. Ombi linasimama juu ya mmojawapo, na kila mmoja unadai ushahidi wa aina yake.

Wa kwanza ni ugumu mkubwa wa kiuchumi kwa mtengenezaji aliyejitahidi kwa nia njema kukidhi kiwango. Huu ni wa wadogo: kampuni isiwe imetengeneza zaidi ya magari 10,000 katika mwaka uliotangulia ombi. Msamaha unaweza kufika miaka mitatu. Wa pili ni kurahisisha utengenezaji au majaribio ya barabarani ya kifaa kipya cha usalama. Wa tatu ni kurahisisha utengenezaji au majaribio ya barabarani ya gari lenye moshi mdogo, bila kuushusha usalama wake kupita kiasi. Wa nne ni kwamba gari lako, kwa ujumla wake, lina usalama ulio sawa na wa magari yaliyokidhi viwango. Misingi hii mitatu ya mwisho inatoa hadi miaka miwili, na magari yasiyozidi 2,500 yaliyosamehewa katika miezi 12 yoyote.

Kwa gari la umeme macho yako yaende kwenye wa kwanza na wa tatu. Mifano miwili inaonyesha tofauti yake.

Mwezi Januari 2008 Tesla, wakati huo kampuni changa, ilipata msamaha wa miaka mitatu kwa gari lake la Roadster. Iliomba kwa msingi wa ugumu wa kiuchumi, na ilichosamehewa ni sharti la mifuko ya hewa ya kisasa katika kiwango namba 208, ile inayotambua ukubwa wa aliyekaa mbele ili isimdhuru mtoto au mtu mdogo. Tazama jinsi ombi lilivyobanwa: Roadster lilikuwa na mifuko ya hewa ya kawaida, tena kwenye muundo uliotokana na Lotus Elise, gari dogo la michezo la Uingereza. Hawakuomba kuacha mifuko ya hewa. Waliomba kusamehewa tabaka moja la sharti hilo hadi watakapoweza kulimudu.

Nuro, kampuni ya Marekani ya magari yanayojiendesha, ilikwenda kwa msingi wa tatu. Gari lake la R2 lilikuwa dogo, la umeme, la kupeleka mizigo, halina dereva wala nafasi ya mtu kukaa, na mwendo wake haukuvuka maili 25 kwa saa. Likaingia daraja la mwendo mdogo. Lakini daraja hilo linataka vioo vya kutazamia nyuma, kioo cha mbele cha aina maalumu, na kamera ya kurudi nyuma inayozima picha gari linapokwenda mbele. Vyote vitatu vimebuniwa kwa ajili ya macho ya dereva. Nuro ilieleza kwamba bila vioo vya pembeni gari linakuwa na kingo laini zaidi kwa mpita njia, na kwamba paneli ya mbele badala ya kioo inaweza kujengwa inyonye nguvu ya kumgonga mtu. Ombi liliwasilishwa Oktoba 2018, msamaha ukatoka Februari 2020, kwa magari yasiyozidi 5,000 katika miaka miwili, pamoja na masharti ya kutoa taarifa.

Ninalipenda ombi lile kwa sababu kila sharti lililoachwa lilijibiwa kwa mtu fulani: mpita njia, mwendesha baiskeli. Hilo ndilo la kuiga.

Hatua ya 5: andika ombi

Ombi huandikwa kwa Kiingereza. Anza na jina kamili na anwani, aina ya kampuni, na sheria za nchi au jimbo ilikosajiliwa. Taja kila kiwango unachoomba kusamehewa kwa namba, jina na maneno yake. Sema unataka muda gani. Sema kwa nini msamaha huu una manufaa kwa umma. Sema utafanya nini muda ukiisha: utakidhi kiwango, utaacha kutengeneza, au utaomba kiwango chenyewe kibadilishwe.

Ukitumia msingi wa kiuchumi, weka hesabu. Mizania na taarifa za mapato za miaka mitatu iliyopita, makadirio ya mwaka unaofuata ombi likikataliwa, gharama za kukidhi kiwango zikiwa zimechambuliwa moja moja, na maelezo ya juhudi ulizofanya. Juhudi maana yake barua ulizoandikia wauza mifuko ya hewa na majibu yao, michoro uliyoijaribu, bei ulizopewa. Kuanzia siku ya kwanza ya mradi tunza kila kitu. Aliyetupa barua za kukataliwa ametupa nusu ya ombi lake. Taarifa za siri za biashara unaweza kuomba zifichwe, lakini lazima uziwekee alama na ueleze kwa nini. Faili zima lisiloonyesha kipi ni siri na kipi si siri litakurudia.

Ukitumia msingi wa moshi mdogo, sehemu nzito ni ile ya kuonyesha kwamba usalama haujashuka kupita kiasi. Ninavyofanya mimi: nachukua kiwango, nauliza kilitungwa kumkinga nani na nini, kisha naandika gari letu linamkingaje mtu huyohuyo. Weka matokeo ya majaribio, hata yale yaliyo mabaya. Ukisema mwendo wako umewekewa kikomo, eleza kikomo hicho kinalindwaje ili mteja asikifungue kwa laptopu. Ukisema betri iko chini ya sakafu kwa usalama, onyesha nini kinatokea gari likipanda juu ya jiwe.

Usiombe zaidi ya unachohitaji. Msamaha unafuta viwango ulivyovitaja tu. Vingine vyote vinaendelea kukudai. Lakini kila namba unayoiongeza ni swali jipya kwa mtu wa NHTSA anayesoma, na ombi la viwango kumi linakaribia kusema kwamba gari bado halijawa gari.

Makaratasi mengine ni mepesi, yapite haraka: mtengenezaji aliye nje ya Marekani ateue mwakilishi ndani ya nchi wa kupokea nyaraka za kisheria, ajitambulishe kwa NHTSA ndani ya siku 30 tangu aanze kutengeneza, na apate namba za chesisi za tarakimu 17. Anayetengeneza chini ya magari 1,000 kwa mwaka hupewa kitambulisho ambacho herufi yake ya tatu ni 9.

Hatua ya 6: gazeti la serikali, maoni, na kusubiri

NHTSA ikiona ombi limekamilika hulichapisha katika gazeti rasmi la shirikisho na kukaribisha maoni ya umma. Yeyote anaweza kuandika: washindani, vyama vya watembea kwa miguu, watu wenye ulemavu, mama wa mtaani. Maoni yote yanasomeka na kila mtu. Yasome siku zinapopita. Likitokea swali zuri ambalo ombi lako halikulijibu, andika jibu na ulipeleke kwenye jalada hilohilo.

Panga fedha za kusubiri zaidi ya mwaka. Nuro ilisubiri miezi 16. GM (General Motors) iliomba mwaka 2022 kwa gari lake lisilo na dereva, Cruise Origin, na mwaka 2024 ikaliweka gari lenyewe kando kabla ombi halijaamuliwa. Kampuni kubwa inaweza kulimeza hilo. Karakana ya watu watano haiwezi. Ndiyo maana hatua ya kwanza niliiandika kwa urefu vile. Wakati unasubiri, uza au onyesha chombo cha daraja la chini ambacho hakihitaji msamaha.

Hatua ya 7: umepata, sasa kazi inaanza

Kibandiko cha mlangoni kinabadilika: kinasema gari limekidhi viwango vyote isipokuwa vile vilivyotajwa, pamoja na namba ya msamaha. Kibandiko kingine chenye maelezo hayo kinawekwa kwenye kioo cha mbele au cha pembeni ili mnunuzi akione kabla hajatoa pesa. Usikiandike kwa herufi za kufichama. Kama unamheshimu mteja, msomee.

Wajibu wa kurudisha magari yenye kasoro haujasamehewa. Ukishaamua kwamba kuna kasoro ya usalama, una siku tano za kazi kuiarifu NHTSA. Msamaha wenyewe unaweza kufutwa ukionekana hauna tena manufaa kwa umma, au ulipatikana kwa taarifa za uongo.

Pleti namba ni suala la jimbo. Barua ya NHTSA haikupi usajili, bima wala ruhusa ya kubeba abiria. California, kwa mfano, inadai anayejaribu magari yanayojiendesha awe na kibali chake na uthibitisho wa bima au dhamana ya dola milioni 5. Nuro ilikuwa na msamaha wa shirikisho tangu Februari 2020 na bado ilihitaji kibali cha jimbo cha kutoa huduma, ilichokipata Desemba mwaka huo. Zungumza na idara ya magari ya jimbo, na kampuni ya bima, wakati ombi lako bado liko Washington.

Andika kwenye kalenda siku ya 60 kabla ya msamaha kuisha. Ukiomba kuongezewa muda kabla ya hapo, msamaha wa zamani unaendelea hadi uamuzi utoke. Ukichelewa, siku ikifika unasimamisha utengenezaji.

Kwa waliopitia Sehemu ya 591, tunza risiti ya mwisho: hati ya kusafirisha gari nje, au uthibitisho wa kuliharibu wenye picha na namba ya chesisi. Lile gari la vijana watano lilitoka bandarini, likaonyeshwa kwa siku nne, likaendeshwa barabara moja iliyofungwa kwa muda, kisha likarudi nyumbani kwa meli. Hati yake ya kuondoka nchini ninayo nakala, na kila timu inayonipigia simu naitumia hiyo kwanza, ndipo tunaanza kuzungumza juu ya barua ya maombi.